Chema hakijiuzi ofisini: kumpendekeza mama wa kijiji kwa nishani ya taifa

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku karibu na Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale. Tuna jirani yetu, mama wa makamo, ambaye tangu mwaka 2008 huwasindikiza wajawazito hospitalini usiku: kwa miguu, kwa boda boda, hata kwa mkokoteni mvua ikiharibu njia. Hakuwahi kulipwa hata senti mpaka 2023 alipoingizwa katika wahudumu wa afya ya jamii. Kila safari ameiandika kwenye daftari, na sasa anayo madaftari manane. Tungependa serikali imtambue, apewe nishani kama wale wanaotangazwa Siku ya Jamhuri. Wazee wanatuambia tutulie, chema chajiuza. Vijana wanasema bila mheshimiwa wa kukushika mkono jina halifiki Nairobi. Nani mkweli? Je, ile posho imemharibia? Na tungependa asijue lolote mpaka siku yenyewe, tumshtukize.

Jibu: Mwalimu, shikamoo zangu wafikishie hao wazee, lakini kwa hili wamepotoka. Chema chajiuza sokoni, ambako mnunuzi anaweza kulishika embe, akalinusa, akalipima kwa mkono. Ofisini hakuna wa kunusa. Kuna faili, na anayeifungua hajawahi kufika kwenu, hajui mvua ya Mei inavyoifanya ile njia, na mezani pake kuna faili nyingine chungu nzima zinazosubiri. Nimefanya kazi ya utawala mpaka nikastaafu, na mara kadhaa niliketi kwenye kamati za kupitisha majina ya namna hii. Niliona watu wema kweli kweli wakiachwa kwa sababu faili zao hazikusema kitu, na watu wa wastani wakipita kwa sababu kuna mtu aliyekaa chini akaandika vizuri. Haikunipendeza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nianze na sheria, kwa sababu ndiyo itakayokupa nguvu ya kuingia ofisi yoyote bila kujikunyata. Kifungu cha 132 cha Katiba kinampa Rais mamlaka ya kutunuku nishani kwa jina la wananchi na Jamhuri. Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Nishani za Taifa ya mwaka 2013, na kuna kamati ya kumshauri Rais. Sheria hiyo inataja mambo yanayomstahilisha mtu: ushujaa, kujitoa mhanga, uzalendo, uongozi, au mchango wa kipekee katika uchumi, jamii, sayansi, elimu, michezo, usalama na nyanja nyinginezo. Sasa sikiliza maneno mawili madogo ambayo wengi huyapita mbio: mchango huo unaweza kuwa kwa nchi *au kwa kaunti*. Huyo mama hahitaji kuwa ameitumikia Kenya nzima. Kwale inatosha. Nimewahi kusoma barua zilizojaa "taifa letu tukufu" kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na ndani yake huoni hata jina la kata alikofanyia kazi huyo anayesifiwa. Wewe fanya kinyume. Andika kijiji, kata, mto na daraja lililochukuliwa na maji.

Kuhusu madaraja ya nishani sitakuchosha. Juu kabisa ipo ile ya Moyo wa Dhahabu, yenye ngazi za Chifu, Mzee na Morani, ndizo zile herufi CGH, EGH na MGH unazoziona nyuma ya majina ya wakubwa. Chini yake kuna ya Mkuki Uwakao: CBS, EBS na MBS. Halafu OGW, ile ya Mpiganaji Mkuu, kisha Pongezi za Mkuu wa Taifa, yaani HSC, ambazo zina tawi la raia na tawi la wanajeshi. Ipo pia tuzo ya Uzalendo. Eliud Kipchoge alipewa EGH Siku ya Mashujaa ya 2019 pale Mombasa, siku nane tu baada ya kukimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna. Salah Farah, yule mwalimu aliyepigwa risasi Desemba 2015 kwenye basi la Mandera wakati abiria Waislamu walipokataa kutengwa na wenzao Wakristo, alitunukiwa OGW mwaka 2016 akiwa tayari ameshafariki. Kwa mtu wa kujitolea kijijini, HSC au Uzalendo ndiyo milango ya kawaida. Usiombe Moyo wa Dhahabu kwa kudhani ukiomba ng'ombe utapewa walau mbuzi. Wanaosoma huona kwamba hujui unaloliomba, na faili inaanza kwa mguu mbaya.

Sasa tuje kwa vijana wako na mheshimiwa wao. Hawajasema uongo mtupu. Kila orodha inapotoka watu hulalamika kwamba imejaa wanasiasa, maafisa wakubwa na watu wa karibu na wakubwa, na ukiisoma huwezi kusema malalamiko hayo yameokotwa barabarani. Serikali humtambua mtu pale inapotaka kumtambua. Mtazame Wangari Maathai. Alianza kupanda miti na akina mama wa vijijini mwaka 1977. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Mwaka 1992 polisi walimpiga mpaka akazirai papo hapo Uhuru Park, alipokuwa na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. EBS alipewa mwaka 2003, baada ya serikali kubadilika, na EGH ikaja 2004, mwaka ule ule wa Nobel. Miti aliyoipanda ilikuwa ile ile miaka yote hiyo, waliobadilika ni wenye kutoa nishani.

Lakini tazama na huyu. Tarehe 1 Juni 2020, Siku ya Madaraka, mtoto wa miaka tisa kutoka Bungoma alikuwa miongoni mwa watu 68 waliopewa tuzo ya Uzalendo. Alikuwa ameunda kwa mbao na misumari kifaa cha kunawia mikono unachokikanyaga kwa mguu, ndoo ikainama ikatoa maji, usiguse kitu wakati ule wa korona. Mtoto huyo hakuwa na mheshimiwa. Alikuwa na baba aliyetoa simu, akapiga picha na kuiweka mtandaoni. Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni hili: mheshimiwa husaidia, siwezi kukudanganya, lakini anayehitajika kuliko yeye ni mtu wa kuionyesha kazi. Mkipata mbunge au mwakilishi wa wadi akaandika barua moja ya kuunga mkono, ipokeeni, iwekeni *mwisho* wa faili. Ikikaa mbele, msomaji ataanza kujiuliza hii nishani inaombwa kwa ajili ya nani.

Na mtu yeyote atakayewaambia kuna "ada ya kupeleka jina Nairobi" ni tapeli. Kumpendekeza mtu ni bure. Mfukuzeni.

Njia ya kawaida ni hii. Wananchi hualikwa kwa tangazo kupendekeza majina, na tangazo la mwaka husika ndilo linaloeleza fomu ipi, ipelekwe wapi, mwisho lini. Wewe usilisubiri ndipo uanze kukusanya karatasi, maana muda wanaotoa ni mfupi na walimu mna mitihani. Nenda sasa hivi kwa chifu, kisha kwa naibu kamishna wa kaunti, mwambie mnatayarisha pendekezo. Faili ikiwa tayari ndani ya droo, tangazo likitoka mnabakiwa na kazi ya kujaza fomu tu. Majina yanayopita huchapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwenye faili yenyewe.

Mapendekezo mengi niliyoyasoma yalikuwa hivi: "Mama huyu ni mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu na mfano wa kuigwa. Ameigusa jamii kwa namna nyingi zisizohesabika." Soma tena, uniambie huyo mama alifanya nini. Hujui. Anaweza kuwa mpishi wa harusi. Anaweza kuwa mke wa anayeandika. Na hilo neno "zisizohesabika" ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu kwa huyu mama wenu zinahesabika! Yeye mwenyewe amezihesabu, usiku baada ya usiku, kwa kalamu ya biki, katika madaftari manane.

Basi kaa na yeye mzihesabu. Safari ngapi kwa kila mwaka? Ngapi zilikuwa usiku? Ngapi alikwenda kwa miguu? Ni mara ngapi mtoto alizaliwa njiani? Kisha angalieni miaka mitatu kwa makini. Kwanza 2013: tarehe 1 Juni mwaka huo serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Kabla ya hapo wengi walibaki nyumbani kwa kuogopa bili. Kama safari zake ziliongezeka ghafla baada ya mwezi huo, sema hivyo, maana inaonyesha sera ya Nairobi ilifika kijijini kwenu ikibebwa na miguu ya mtu. Pili 2017: madaktari walikuwa kwenye mgomo mpaka Machi, halafu wauguzi nao wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Miezi hiyo aliwapeleka wapi wajawazito? Aligonga mlango wa nani? Nakuhakikishia kurasa za 2017 zitakuwa na mambo ambayo hata yeye ameyasahau. Tatu 2020, wakati wa kafyu. Alipitaje kwenye vizuizi vya polisi saa nane za usiku?

Ukishapata hesabu, andika namna hii, kwa tarakimu zenu za kweli: "Kuanzia 2008 amewasindikiza wajawazito kadhaa," hapo weka idadi, "kutoka vijiji vitatu hadi hospitalini. Usiku mmoja wa Mei daraja lilikuwa limezama. Alimlaza mjamzito kwenye mkokoteni wa kubebea maji, yeye na vijana wawili wakausukuma hadi barabara ya lami, ambako mwendeshaji boda boda aliyempigia simu alikuwa anangoja na taa imewashwa. Mtoto alizaliwa saa kumi alfajiri. Leo yuko darasa la tano." Hakuna sifa hata moja pale, hakuna unyenyekevu wala ucha Mungu. Lakini mtu wa kamati akifika kwenye mkokoteni ataacha kunywa chai.

Tahadhari moja kubwa kuhusu hayo madaftari. Yana majina ya wanawake na habari za miili yao. Nani alitoka damu, nani mimba iliharibika, nani alikuwa msichana wa shule. Usiyapige picha ukayaweka kwenye faili, sembuse kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata isingekuwapo, kijiji ni kidogo. Toa hesabu tu. Mkitaka kuonyesha ukurasa mmoja kama ushahidi, funikeni majina kwa karatasi kabla ya kutoa kopi. Na mama yeyote mtakayemtaja kwa kisa chake muulizeni kwanza, akikataa basi.

Barua za mashahidi: nne au tano zinatosha. Muuguzi msimamizi wa pale hospitalini, aliyekuwa anawapokea usiku. Chifu. Mama mmoja aliyesindikizwa na amekubali kusema. Na huyu usimsahau, mwendeshaji boda boda. Barua ya mwendeshaji boda boda, yenye Kiswahili chake na makosa yake, ina uzito kuliko ya profesa, maana yeye alikuwapo. Ila kila mtu aandike yake. Niliwahi kupokea bahasha yenye barua tano kutoka kwa watu watano, mmoja sheikh, mmoja mchungaji, na zote tano zimeandika "mchapakasi", kwa S. Tulicheka, tukaiweka kando. Aliyependekezwa pengine alistahili kabisa, maskini, na hakuna aliyemwambia ni herufi moja iliyomwangusha.

Jambo dogo ambalo si dogo: jina. Huko kwenu bila shaka anaitwa mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwenye fomu liende jina lililo katika kitambulisho, herufi kwa herufi, na namba yake. Nimeona bibi mzima akipokea cheti chenye jina ambalo hata wanawe hawakulijua.

Posho sasa. Mnajua wenyewe, Septemba 2023 Rais aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 pale Uhuru Park, na wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Je, imemharibia? La. Sheria ya nishani haisemi lazima uwe umefanya kazi bila malipo. Makatibu wa wizara na majenerali wanazipata na mishahara yao wanakula. Lakini msiifiche. Andikeni wazi: miaka 15 bila malipo, kisha posho kuanzia tarehe fulani. Ukiificha, mtu akaja kuigundua, atajiuliza umeficha nini kingine. Tena kwa maoni yangu hiyo 5,000 ni hoja ya kumsaidia. Serikali yenyewe imekiri, miaka 15 baadaye, kwamba alichokuwa akikifanya ni kazi.

Kuhusu kumshtukiza, hapana. Nakuomba sana msifanye hivyo. Kwanza hamwezi: madaftari ni yake, kitambulisho ni chake, na hesabu bila yeye haziwezekani. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Nishani haina mshahara wala pensheni. Ni medali na cheti. Sasa jaribu kuwaeleza hivyo majirani waliomwona kwenye runinga. "Amepewa na Rais" kijijini maana yake ni moja tu, amepewa pesa. Nilimjua mzee mmoja aliyetunukiwa kwa kazi ya visima, na kwa mwaka mzima ndugu walikuwa wanakuja na karo, na matanga, na mahari, na akisema hana wanamwita bahili. Alinieleza huku akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka. Mama wenu ana haki ya kuyajua haya kabla, ajiandae, au akatae. Wapo wanaokataa. Akikwambia "mwanangu, mimi sikufanya kwa ajili ya hayo," usimsukume siku hiyo. Mwachie wiki mbili, rudi na swali jingine: je, angependa wajukuu wake wayaone yale madaftari yamehesabiwa? Wengi hulainika hapo. Asipolainika, heshimu.

Mkimaliza kila kitu na jina lisitoke mwaka huu, faili haiozi. Ongezeni miezi iliyopita, peleka tena. Wakati huo huo msiikalie nishani ya Nairobi kana kwamba ndiyo pekee. Wahenga wetu wana neno jingine mngelitumia badala ya lile la chema: mcheza kwao hutunzwa. Desemba 5 ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, Umoja wa Mataifa uliiweka tangu 1985, na idara ya afya ya kaunti hukosa hata jina la kusoma siku hiyo kwa sababu hakuna aliyewapelekea. Pelekeni. Kuna pia kutunzwa kusikohitaji kamati yoyote. Mchango wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Wazazi kumi na wawili wa shule yako, kila mmoja 300, tayari huyo mama ana bima ya afya mwaka mzima. Fikiria, miaka yote hiyo akiwapeleka wengine hospitalini, na sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza yeye akiugua anatibiwa na nini. Tena mpeni tochi ya maana, ya kuchaji, maana ya simu inamaliza moto njiani.

Kwa hiyo kazi ya Jumamosi hii ni hii: nenda kwake, na chai na sukari usiende mikono mitupu, mwombe ruhusa, kisha mfungue daftari la 2017 kwanza kabla ya mengine. Ukikwama kwenye kuandika maelezo nitumie rasimu, bila majina ya wajawazito, nitaisoma.